Mbolezi na Kalamu: Jinsi ya Kuiandika Historia ya Wakarbi wa Assam



Katika milima ya Karbi Anglong, jimboni Assam, kaskazini mashariki mwa India, yuko mwanamke ambaye hakuna msiba mkubwa unaokamilika bila yeye. Wakarbi humwita charhepi. Kazi yake ni kuimba mbolezi. Familia inapomfanyia marehemu wake ibada ya chomangkan, charhepi huimba mchana na usiku kwa siku kadhaa, akisimulia maisha ya aliyefariki na kuielekeza roho yake njia ya kwenda Chom-arong, mji wa waliotangulia. Hana karatasi mbele yake. Maneno yale aliyapokea kwa mwanamke mwingine, na huyo naye aliyapokea kwa mwingine kabla yake.

Mtafiti wa historia akifika pale na daftari lake, afanye nini na wimbo huo? Kwa miaka mingi vyuo vikuu vilimpa jibu jepesi: auache kwa wataalamu wa ngano na muziki, yeye arudi kwenye nyaraka. Mhadhara huu unatetea jibu jingine. Charhepi ni mtunza kumbukumbu za taifa lake. Mbolezi zake zinapaswa kupimwa kwa ukali uleule unaotumika kupima maandishi ya wafalme na ripoti za watawala wa kikoloni. Na mtafiti anayezitumia bila kumtaja mwimbaji kwa jina, ilhali mwenyewe ameridhia kutajwa, anamdhulumu.

Watu, milima na majina

Wakarbi ni miongoni mwa jamii kubwa za milima ya Assam. Lugha yao imo katika familia ya Kitibeti-Kiburma, na sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya 500,000 walioitaja kuwa lugha yao ya kwanza. Wengi wanaishi Karbi Anglong, nchi ya milima na misitu yenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kusini mwa mto Brahmaputra, na makao yake makuu ni mji wa Diphu. Mwaka 2016 upande wa magharibi ulifanywa wilaya ya peke yake, makao makuu yakawa Hamren. Wakarbi wengine wako kwenye tambarare za Assam na katika jimbo jirani la Meghalaya.

Kwa muda mrefu serikali na majirani waliwaita Wamikir. Wenyewe hawakulipenda jina hilo, na mwaka 1976 wilaya yao ilibadilishwa jina rasmi kutoka Milima ya Mikir kuwa Karbi Anglong. Ndiyo maana msomaji wa nyaraka za kale hana budi kuwatafuta kwa jina la zamani, na asipolijua hilo atadhani hawakuwapo.

Kilimo chao cha asili ni cha kufyeka msitu, kuchoma, kupanda mpunga wa mlimani pamoja na mazao kama pamba, kisha kuhamia sehemu nyingine udongo unapochoka. Zamani kijiji kilihama pamoja na mashamba, nacho kiliitwa kwa jina la mkuu wake. Mkuu alipofariki au kijiji kilipogawanyika, jina nalo likabadilika. Hapo ndipo mwanahistoria aliyezoea ramani hukwama. Afisa wa kikoloni aliyeandika jina la kijiji mwaka fulani alikuwa, bila kujua, ameandika jina la mtu. Miaka 30 baadaye afisa mwingine hakukikuta kijiji hicho, akaandika kwamba watu wametoweka. Hawakuwa wametoweka. Walikuwa ng'ambo ya bonde, chini ya mkuu mwingine.

Kisichobadilika ni ukoo. Wakarbi wana koo kuu tano, wanazoziita kur: Ingti, Inghi, Terang, Teron na Timung, na kila moja ina matawi yake. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na ni mwiko watu wa ukoo mmoja kuoana, hata kama mmoja ametoka mashariki ya mbali na mwingine ametoka mpakani mwa Meghalaya, wala hawajawahi kuonana. Ndoa iliyosifiwa zaidi kwa desturi ni ya kijana kumwoa binti wa mjomba wake. Kwa hiyo kila nyumba hulazimika kukumbuka nasaba za pande mbili, ya baba na ya mjomba. Mtafiti anayetaka kujua nani alihama, lini na pamoja na nani, huipata njia kwa kufuata koo kuliko kwa kufuata majina ya mahali.

Upande wa Hamren kuna pia Ronghang Rongbong, kiti cha jadi cha mfalme wa Wakarbi aitwaye Lindok. Hana jeshi wala hakusanyi kodi. Heshima yake imo katika ibada, katika mila na katika kusuluhisha mashauri ya kimila. Watawala wa nje waliotafuta mfalme mwenye ngome na mizinga walimpita bila kumwona.

Kitabu cha mwaka 1908

Kila anayesoma habari za Wakarbi huanzia kwenye kitabu kimoja kilichochapishwa London mwaka 1908, The Mikirs. Kilitokana na karatasi za Edward Stack, afisa Mwingereza aliyefanya kazi Assam na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu cha safari yake ya Uajemi. Stack alifariki Januari 1887, kazi ikiwa haijakamilika. Karatasi zake zilikuja kupangwa, kuongezewa na kuhaririwa na Charles Lyall, afisa mwenzake, mwanazuoni mkubwa wa ushairi wa Kiarabu wa kale, yule yule aliyeufasiri mkusanyiko maarufu wa Mufaddaliyyat.

Kitabu hicho kina thamani ambayo hakuna mtafiti wa leo anayeweza kuipuuza. Kinaeleza nyumba, mavazi, koo, ndoa, mazishi na lugha kama vilivyokuwa katika miaka ya 1880. Kina hadithi tatu katika Kikarbi pamoja na tafsiri yake. Mojawapo ni ya Harata Kunwar, kijana aliyemwoa binti wa mbinguni baada ya kumfichia nguo zake alipokuwa akioga. Lyall, kwa kuwa alikuwa mtu wa fasihi ya Kiarabu, aliona mara moja undugu wake na kisa cha Hasan wa Basra katika Alfu Lela Ulela, kisa ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili wamekulia nacho.

Lakini kwenye jalada la kitabu kuna majina mawili tu, la Stack na la Lyall. La tatu halipo. Aliyemfundisha Stack lugha, aliyemtamkia maneno na kumweleza mila, ni Sardoka, Mkarbi aliyesomeshwa na wamisionari Wabaptisti wa Kimarekani huko Nowgong, ambao walimwita Perrin Kay. Sardoka hakuwa mtoa habari wa kupita. Mwaka 1904, miaka minne kabla ya kitabu cha London, msamiati wake wa Kiingereza na Kikarbi ulichapwa Shillong. Lyall anamtaja ndani ya kitabu, na hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja maktaba za dunia zimekiorodhesha kitabu kile kama kazi ya Waingereza wawili, na wanafunzi wamekinukuu hivyo hivyo. Kosa hilo linarekebishika hata leo: kila anayekinukuu amtaje Sardoka.

Kuna kasoro nyingine iliyo nzito zaidi. Kitabu kinawaonyesha Wakarbi kuwa wakulima watulivu wasio na mazoea ya vita. Sifa hiyo inapendeza masikioni, lakini serikali ya kikoloni iliyagawa makabila ya milimani kwa vipimo vya aina hiyo: hawa wakali, wale wapole, hawa wa kuwekewa ngome, wale wa kuwekewa mtoza kodi. Sheria ya Serikali ya India ya mwaka 1935 ikaiweka Milima ya Mikir katika kundi la maeneo yaliyotengwa nusu, chini ya uangalizi wa gavana. Watu walioelezwa kuwa hawana vita wakawa pia watu wasio na historia ya kujitetea. Wao wenyewe hawakuwahi kujisimulia hivyo.

Wajumbe waliozikwa

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao.

Simulizi ya Wakarbi, ambayo hata Stack aliiandika, inasema kwamba hapo kale waliishi chini ya wafalme wa Kachari, yaani wa Wadimasa. Wakabanwa, wakahamia nchi ya wafalme wa Jaintia, na sehemu yao wakaona bora wajikabidhi kwa wafalme wa Ahom, waliotawala bonde la Brahmaputra. Walituma wajumbe kwa liwali wa Ahom aliyekaa Raha. Wajumbe wakafika, wakasema, wasieleweke. Liwali alikuwa anachimbisha bwawa. Akaamuru wazikwe humo wakiwa hai. Vita vikafuata, na mwisho wake Wakarbi wakapata makazi katika nchi ya Ahom.

Upande wa pili kuna maandishi. Waahom walikuwa na kumbukumbu zao zilizoandikwa, zinazoitwa Buranji, na humo habari za mapigano na Wakarbi zimo. Msafara unaofahamika zaidi ni wa mwaka 1765, ambapo vikosi viwili vilitumwa milimani, vikachoma nyumba na maghala ya nafaka, na Wakarbi wakaja na ushuru kuomba amani. Ndivyo mshindi alivyoandika.

Linganisha kumbukumbu hizo mbili. Buranji inajua mwaka, idadi ya vikosi na njia waliyopita. Simulizi haina mwaka wowote, lakini inajua jambo ambalo mwandishi wa ikulu hakuona haja ya kuliweka: kwamba uhusiano wa watu wa milimani na dola ulianza kwa ujumbe wa heshima ulioshindwa kueleweka, na kwamba waliotumwa kuomba hifadhi waliuawa. Ukisoma Buranji peke yake, Wakarbi ni wakorofi walioadhibiwa. Ukisikiliza simulizi peke yake, huwezi kuupanga mkasa katika wakati. Mwanahistoria aliye mwaminifu hazichanganyi zote mbili kuwa kisa kimoja laini kana kwamba zinasimulia siku ileile. Huziweka ubavu kwa ubavu, akampa msomaji nafasi ya kuona kila moja inanyamazia nini.

Au mchukue Rongpharpi Rongbe, shujaa wa kike ambaye jina lake linajulikana katika kila pembe ya Karbi Anglong. Husimuliwa kwamba katika enzi ya wafalme wa Kachari, wanawake wa Kikarbi waliamriwa kuwanyonyesha watoto wa chui milia wa mfalme. Rongpharpi alikataa kwa upanga, na watu wake wakaihama nchi ile. Hakuna mtafiti mwenye haja ya kumtafuta mtoto wa chui milia katika nyaraka. Swali la kihistoria ni jingine: ni madai gani ya mtawala yalikuwa makali kiasi cha kukumbukwa kwa sura hiyo, kama unyang'anyi wa maziwa ya mtoto mchanga? Simulizi inaeleza ushuru na utumishi wa lazima kwa lugha ya mwili wa mwanamke. Tena inamweka mwanamke mbele ya uhamaji ambao vitabu hueleza kwa mishale kwenye ramani.

Usiku wa chomangkan

Turudi kwenye ibada yenyewe, kwa kuwa ndiyo ghala kuu la kumbukumbu hizi.

Chomangkan ni ibada ya gharama kubwa kupita zote za Wakarbi. Mwili huwa umekwisha kuchomwa, na familia huweza kungoja miaka kabla ya kuifanya, mpaka wapate mpunga, mifugo na pombe ya mchele ya kutosha wageni. Wakati mwingine huwafanyia marehemu kadhaa kwa pamoja. Ikifika, vijiji hualikana. Vijana huja na ngao wakicheza. Fundi wa ngoma, duihudi, huongoza mapigo, na kila hatua ya ibada ina pigo lake. Jambili athon, mti wa kuchongwa wenye matawi na ndege juu yake, husimamishwa mbele ya watu. Yuko mwanamke wa kumpikia marehemu chakula chake, na yuko charhepi wa kuimba.

Muundo huu unamhusu mwanahistoria moja kwa moja. Mbolezi haiimbwi na mtu mmoja peke yake chumbani. Inaimbwa mbele ya ndugu, wakwe, wajomba na wazee wa vijiji jirani, watu wanaoijua nasaba na walio na haki ya kuguna pale inapokosewa. Hadhira ile ni baraza la uhakiki. Si kwamba hakuna kinachobadilika. Mwimbaji hodari huongeza, hupunguza na hupamba. Lakini ana mipaka, na mipaka yenyewe anaiwekewa na wanaosikiliza.

Pamoja na mbolezi, Wakarbi wana tendi za aina nyingine. Mosera husimulia asili ya watu wao na safari za wahenga, na katika hiyo Wakarbi hutoka katika mayai ya ndege wa kale, Wo Plakpi. Sabin Alun ni Ramayana ya Kikarbi, ambamo kisa kikuu cha Wahindu kimehamishiwa milimani, kwa watu wa mashamba ya kufyeka na kuchoma. Mtafiti wa dini ataiona Sabin Alun kuwa ushahidi wa uhusiano wa karne nyingi na tambarare. Atakuwa sahihi. Ila inafaa aone pia kwamba wenye milima hawakuipokea hadithi mikono mitupu. Waliikaribisha nyumbani kwao na kuivalisha nguo zao.

Funzo kutoka Afrika

Njia ya kupima vyanzo vya mdomo haikuanzia Assam. Sehemu kubwa ilitengenezwa Afrika ya Kati na ya Mashariki, na hapa hadhira hii ina la kujivunia. Jan Vansina, Mbelgiji, alifika kwa Wakuba wa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1950, baadaye akafanya kazi Rwanda na Burundi, na mwaka 1961 akatoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo kilichobadilisha taaluma nzima. Bethwell Ogot wa Kenya alichapisha historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, wakati walimu wengi wa Ulaya walikuwa bado wanashuku kama kazi ya namna hiyo yaweza kuitwa historia. Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akafuata mwaka 1969 na historia ya kisiasa ya Wapare, aliyoijenga kwa simulizi za mbari za Ugweno na milima ya kusini.

Kanuni walizoziacha ni tatu, na zote zinaingia sawasawa katika chomangkan. Ya kwanza: jua nani amepokea kwa nani, kwa maana simulizi isiyo na mnyororo wa wapokezi ni uvumi. Ya pili: kusanya matoleo mengi ya kisa kimoja, na tofauti zake zisikutishe, kwa kuwa mara nyingi tofauti ndiyo inayofichua maslahi ya msimulizi. Ya tatu: andika mahali na tukio ambamo maneno yalitamkwa. Mbolezi iliyoimbwa msibani, mbele ya wakwe, si sawa na mbolezi iliyoimbwa ofisini mbele ya kinasa sauti.

Kimambo hakuridhika na simulizi ya mbari ya watawala. Alikwenda hadi kwa mbari zilizopokonywa madaraka. Mtafiti wa Karbi Anglong anatakiwa afanye vivyo hivyo: asiishie Ronghang Rongbong kwa Lindok na wazee wake. Aende kwa Wakarbi wa tambarare, ambao Wakarbi wengine huwaona kama wamejitenga. Aende na kwa wanawake.

Wenyewe washika kalamu

Historia ya Wakarbi iliyoandikwa na Wakarbi ilianza na siasa ya kudai nafasi. Semsonsing Ingti, aliyezaliwa 1910 na kufariki 1948 akiwa bado kijana, alikuwa miongoni mwa Wakarbi wa kwanza kupata shahada. Mwaka 1940 yeye na wenzake walimkabidhi Gavana wa Assam, Robert Reid, hati ya kuomba milima yao iwekwe chini ya utawala mmoja badala ya kukatwakatwa kati ya wilaya za tambarare. Hakuishi kuuona mwisho wake. Novemba 1951 wilaya iliundwa, na chini ya Jedwali la Sita la Katiba ya India ikapata baraza lake lenye mamlaka juu ya ardhi, misitu na mila. Tangu hapo swali la Wakarbi ni nani na wametoka wapi halikuwa la wasomi peke yao. Lilikuwa swali la nani ana haki ya kuamua juu ya shamba na msitu.

Katika fasihi alisimama Rongbong Terang, mwandishi Mkarbi aliyeandika kwa Kiassam, na ambaye riwaya yake Rongmilir Hahi ya mwaka 1981 iliwafanya wasomaji wa tambarare wawajue majirani zao wa milimani kwa mara ya kwanza kama watu wenye sura, majina na mikasa. Katika utafiti alisimama Dharamsing Teron, aliyetoka katika harakati za kudai mamlaka ya ndani akaingia katika kazi ya kukusanya. Katika mfululizo wake wa vitabu uitwao Karbi Studies amechapisha ngano, simulizi za uhamaji, maelezo ya ibada na mijadala juu ya wahenga, akilenga kuirudishia jamii sauti ambayo ripoti za kikoloni ziliifupisha. Kazi hiyo imempa kila mwanafunzi wa leo mahali pa kuanzia ambapo si London ya 1908.

Wageni nao wameleta mchango wa kweli pale walipokaa na kujifunza. Karl-Heinz Grüßner wa Ujerumani alichapisha sarufi ya Kikarbi mwaka 1978. Linda Konnerth aliandika nyingine, pana zaidi, kwa tasnifu yake ya mwaka 2014 katika Chuo Kikuu cha Oregon. Kazi hizo za isimu ni nyenzo za mwanahistoria pia, kwani asiyejua sarufi ya lugha hawezi kutenganisha neno la kale na la kuazima katika mbolezi.

Historia isigeuzwe silaha

Sasa tufike penye uzito wote.

Simulizi ya Rongpharpi inamtaja mfalme wa Kachari kuwa dhalimu. Wazao wa dola ile, Wadimasa, wapo hadi leo, majirani wa mlango kwa mlango na Wakarbi. Mwaka 2005 mapigano kati ya jamii hizo mbili yaliua makumi ya watu na kuwafukuza maelfu makwao. Chanzo hakikuwa wimbo. Kulikuwa na ardhi, makundi yenye silaha na madai ya mamlaka. Lakini katika saa kama ile, kisa cha karne zilizopita hugeuka kuwa shtaka dhidi ya jirani aliyezaliwa jana. Watu wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Je, mwanahistoria afiche simulizi? La. Akiificha, ataiacha mikononi mwa wachochezi. Wajibu wake ni kuisema yote, pamoja na sehemu isiyowafaa wachochezi. Hapa kazi ya mwanaanthropolojia Mfaransa Philippe Ramirez, aliyechapisha kitabu chake Guwahati mwaka 2014, ina maana kubwa. Ramirez alifuatilia majina ya koo katika mpaka wa Assam na Meghalaya, akaonyesha kwamba koo za Wakarbi, Wakhasi, Watiwa na Wagaro zinatambuana. Ukoo fulani wa huku huhesabiwa kuwa ndugu wa ukoo fulani wa kule, na kwa hiyo mtu aliyevuka kabila kwa ndoa au kwa kuhama hupata nafasi yake bila kuwa mgeni. Hata mwiko wa kuoana huvuka mpaka wa kabila. Kumbe ule ukoo ambao Mkarbi huutumia kujitambulisha ndio huohuo unaomuunganisha na asiye Mkarbi.

Ukweli huo haumwondolei Mkarbi haki yake ya ardhi wala ya jina lake. Unaondoa tu hoja ya wale wanaodai kwamba watu wa milima hii walikuwa tangu mwanzo makundi yaliyofungiwa, yasiyogusana. Mzee wa ukoo angeweza kuwaambia hivyo bila kitabu.

Kazi iliyobaki

Septemba 2021 serikali ya India, serikali ya Assam na makundi ya Kikarbi yaliyokuwa na silaha walitia saini mkataba wa amani, unaoahidi mamlaka zaidi kwa baraza, fedha za maendeleo, na ulinzi wa lugha na utamaduni. Tamasha la vijana wa Karbi, lililoanza 1974 na ambalo sasa hufanyika Taralangso karibu na Diphu, hukusanya umati mkubwa kila mwaka kwa ngoma, nyimbo na mavazi ya jadi. Hayo ni mema. Lakini jukwaa la tamasha humpa mwimbaji dakika chache, na chomangkan huhitaji siku na usiku kadhaa. Familia nyingi zimeingia Ukristo au zimeelemewa na gharama, na ibada inakuwa adimu. Charhepi asiye na misiba ya kuimba hana pia mahali pa kumfundishia binti atakayemrithi. Ibada ikikoma, matoleo marefu ya mbolezi yatakuwa yamebaki vichwani mwa wanawake wachache wazee.

Kwa hiyo wito wa mhadhara huu ni kwa vijana wanaosomea historia, wa Assam na wa hapa. Nendeni kwa waimbaji mapema. Rekodini usiku mzima, msichague vipande vitamu. Andikeni jina la mwimbaji, la aliyemfundisha, la kijiji na la msiba, mradi mwenyewe ameridhia. Jina lake liwe kwenye jalada pamoja na lenu. Nakala ya kwanza ya mlichokusanya iende kijijini kabla haijafika maktaba ya chuo, katika lugha ya wenyewe, ili wazee waipinge au waithibitishe wakiwa hai. Na vyuo vinavyotoa shahada kwa kazi hizi viweke kanuni hiyo katika maandishi: tasnifu ya historia inayotegemea mbolezi, na isiyowataja waimbaji walioridhia, irudishwe kwa mwandishi.